Shimo la Kadutu Lisilojaa

Kaeni, lakini uangalieni huo msumari wa upande wa kuume, umekwisha kuchana suruali nyingi. Ubao huu wa kukalia zamani ulikuwa Kadutu, mjini Bukavu, mbele ya garaji, enzi za Zaïre. Kazini watu waliitana citoyen, yaani raia, lakini wakifika kwa kahawa ya Maman Nsimire walirudia majina yao ya ubatizo, yaliyopigwa marufuku na serikali, bila kuogopa mtu. Asubuhi ile kahawa ilinuka petroli. Haikuwa mara ya kwanza, ila safari hii mtu wa maji kutoka serikalini alikuwa na siku mbili uani mwa garaji, anachimba vitundu, ananusa udongo, anajaza vichupa kwa maji ya ile chemchemi ya chini ambako Nsimire huchota. Alikuwa amesema neno moja tu: saa sita atakuja kueleza kama chemchemi inafungwa. Ikifungwa, Nsimire hana kahawa, na kahawa ndiyo iliyokuwa ikilisha watoto wake wanne. Anaclet, fundi wa garaji, alishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa. Alikuwa na wazo lake kuhusu ile harufu, na wazo lenyewe hakulipenda hata kidogo.

— Mi nawaambia ni zahabu, akasema Philémon, aliyechimba dhahabu Mwenga miaka kumi akarudi na kofia tu. Mutu hawezi kunusa udongo bure. Kule Mwenga tulikuwa tunanusa hivi hivi.

— Na ulipata nini?

— Mafua. Lakini kunusa nilijua.

Aliyeuliza ni Papa Edouard, karani mstaafu. Walimwita Radio kwa kuwa hakuna aliyejua anazimiwa wapi.

— Zahabu inanuka petroli, weye? Hii ni petroli yenyewe! Iko chini ya matako yetu. Kadutu itakuwa kama inchi ya Barabu benye petroli.

— Basi tuhamishe ubao?

— Ubao unabaki. Tutaweka tu kapeti.

— Papa Edouard, akasema Nsimire, mi natafuta maji, unanipa petroli.

— Maman, utauzisha petroli mu birika hiyo hiyo!

— Tayari niko nauzisha, akajibu, na hakucheka.

Siku nyingine Anaclet angecheka mpaka machozi. Leo alikohoa, akatupa neno lake haraka haraka.

— Pengine ni ile gaz ya kuwaka, iko chini ya ziwa. Imepanda.

— Ipande mulima huu wote? Philémon akashangaa.

— Gaz haichoke miguu.

— Ata! Radio akaruka. Sasa nimeelewa! Munakumbuka yule Mugiriki mwenye garaji, siku serikali ilimunyanganya garaji ikapatia Muzaïre? Aliondoka bila kulia. Juu ya nini hakulia? Aliacha bomba chini ya udongo, kutoka hapa mpaka kwao Ugiriki. Anavuta esanse, petroli yetu, pole pole, na bomba inavuja!

— Yesu Maria, akasema Philémon. Hapa tu, Kadutu?

— Hapa tu.

— Ao pengine ni garaji yenyewe? Philémon akauliza.

Anaclet akajimwagia kahawa gotini.

— Garaji? Radio alikasirika kana kwamba ametukaniwa mamake. Garaji hii iko safi kupita sakristia! Mafuta yote machafu ya motokari, na petroli ya kuosha vyuma, inaenda mu shimo. Anaclet, baambie!

Ikabidi aseme. Ni kweli, shimo lile lilikuwa fahari ya kona nzima. Mgiriki alilichimba nyuma ya ukuta akaagiza: likijaa, chimbeni lingine. Anaclet alimwaga humo mafuta ya kila motokari miaka kumi na moja, na halikujaa hata siku moja. Patron mpya, yule Mzaïre aliyepewa garaji, aliwaleta wageni walione, wakapiga makofi. Philémon aliwahi kuvua ile kofia yake mbele ya shimo hilo.

— Inakunywaka yote, akasema Anaclet kwa sauti ndogo.

Pembeni, juu ya gunia la maharagi, alikuwa amekaa mama mmoja, Cibalonza wa Kavumu, akingoja kamionete iliyomleta itengenezwe. Tangu asubuhi hakuwa amesema kitu.

— Samahani ba papa. Hiyo shimo iko fasi gani?

— Pale juu, nyuma ya ukuta.

— Na chemchemi?

— Pale chini.

— Mi niko mulimaji tu. Kule kwetu, nikimwanga maji ku kichwa ya shamba, inatokea ku maharagi ya chini. Sasa mafuta ya miaka yote hiyo, kama haiko mu shimo, iko wapi?

Radio ikazimika. Philémon akachungulia ndani ya kofia yake. Anaclet alitazama kahawa, ikang'aa rangi rangi kama matope ya garaji.

— Ni mimi, maman Nsimire, akasema. Kila siku. Nilikuwa nafurahi juu shimo haijae.

Nsimire akafunika kopo la sukari.

— Kumbe. Na mimi miaka yote hii niko naongeza sukari.

Saa sita ilikuwa imefika, na mtu wa maji alikuwa anateremka na vichupa vyake.

— Umwambie ni Mugiriki! Radio akanong'ona.

Anaclet akakataa kwa kichwa. Alimwendea yule mtu, akampeleka nyuma ya ukuta, akamwonyesha shimo lenyewe. Waliporudi, jibu lilikuwa lile lile waliloliogopa: chemchemi inafungwa, na hakuna ajuaye itafunguliwa lini. Anaclet akaokota bidoni mbili za maji za Nsimire.

— Maji ya kahawa nitachota mi mwenyewe, kule juu kwa misioni. Mpaka siku itafunguliwa.

Akaupanda mlima, bidoni zikimgonga magoti. Nsimire akanyanyua birika lililojaa kahawa ya petroli, akatoka nalo akamwage. Akaenda upande wa garaji, akasita. Akageukia barabara, akasita tena. Akautazama mteremko wote, nyumba kwa nyumba, mpaka ziwani.

— Na hii, akawauliza, niimwange wapi?