Bi Domitila Naguelquín, Aliyeutambua Mwani wa Watu wa Kwanza

Ndugu, majirani, na ninyi mliotoka Valdivia kwenye mvua hii, familia imenituma mimi, Nélida, kifungua mimba wake, niwasomee maisha ya mama yetu. Mwenyewe alinionya mapema: "Usinipake asali, Neli. Watu wananijua." Nitajitahidi kutii.

Marehemu Domitila Naguelquín Oyarzo alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 katika kijiji hiki cha Punta Lamihue, karibu na Maullín. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Fidel Naguelquín, fundi wa mashua, na marehemu Bi Zunilda Oyarzo, mchuma mwani. Alibatizwa wiki ya pili, akamwuma padri kidole ingawa hakuwa na jino hata moja. Hayo ni maneno ya bibi, na bibi hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Alisoma katika shule ya kijiji kuanzia 1949 hadi 1952, madarasa manne tu. Siku moja mwalimu aliwafundisha kwamba watu wa kwanza wa bara hili walishuka kutoka kaskazini kwa miguu, wakiwafukuza wanyama wakubwa. Domitila alinyoosha mkono. "Na wanawake wenye watoto mgongoni, walikula nini siku mnyama alipowatoroka?" Darasa lilicheka, naye akasimamishwa kando ya jiko mpaka kengele. Mwaka uliofuata mama yake aliugua kifua, na Domitila akachukua kikapu akaenda kuchuma mahali pake. Kusoma barua bila kusaidiwa alikuja kujifunza baadaye, akiwa na miaka thelathini na mmoja, katika darasa la watu wazima. Mwalimu alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi.

Tarehe 22 Mei 1960, siku ya tetemeko kubwa, alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Bahari ilirudi nyuma mbali kuliko ilivyowahi kuonekana, na watu wengine wakateremka kutazama. Domitila alimshika mdogo wake mkono, akapanda mlima bila kugeuka. Mzee Fidel alirudi karakanani kufungua mashua ya mteja, wimbi likaja, na hakuonekana tena. Kwa miezi mitatu marehemu hakukanyaga ufukweni. Mwezi wa nne aliteremka na kikapu. Shangazi yake alipomwuliza kama hana kinyongo na bahari, alijibu, "Ninacho. Lakini nyumbani wana njaa."

Tarehe 9 Februari 1963 alifunga ndoa na Remigio Almonacid, aliyevuta magogo kwa maksai. Baba alikuwa amejitolea kumbebea gunia la mwani apate kumpendeza, akateleza na kuzama matopeni hadi kiunoni. Domitila alilitoa gunia kwanza. "Mwani una mnunuzi," alimwambia. "Wewe bado." Walizaa watoto wanne. Mmoja, Elías, aliishi siku sita, na marehemu alimhesabu kila alipoulizwa ana watoto wangapi.

Sasa nifike kwenye habari iliyowaleta wengi wenu hapa.

Mnamo Januari 1986 baba alikuwa akivuta magogo kwenye shamba la Bwana Belisario Klenner, siku mbili kwa miguu kutoka baharini. Maksai mmoja alididimia kwenye kinamasi. Walipomnasua, ulitoka naye mfupa mnene kuliko paja la mtu, kumbe wa mnyama wa jamii ya tembo aliyekwisha kutoweka zamani. Kiangazi kilichofuata akaja Profesa Hortensia Urrejola na wanafunzi wake kuchimbua. Mama aliajiriwa kuwapikia. Baada ya wiki moja alikuwa anapika asubuhi na kusafisha chekeche mchana, kwa sababu, alisema, hawezi kuona watu wazima wakiosha matope kwa namna ile.

Tarehe 11 Februari 1987 alikuta bonge jeusi limetupwa kwenye ndoo ya mizizi. Alilinusa, akaligusa kwa ulimi. Mwanafunzi mmoja alipiga kelele.

"Bi Domi! Usile vielelezo!"

"Sijala, nimeonja. Hii ni luche."

Luche ni ule mwani mwembamba tunaoukausha na kuugandamiza kama mkate. Profesa alikuja mbio, mwiko wa kuchimbia ukiwa bado mkononi. "Bi Domi, una hakika? Bahari iko mbali sana na hapa."

"Mimi na luche tumejuana miaka thelathini na tano, Profesa. Na tazama, imefungwa kwa jani pana la nalka, pande nne, kikonyo kimechomekwa chini. Hii haikuja yenyewe. Kuna mtu aliibeba njiani."

Matope yale baridi, yasiyopitisha hewa, yalikuwa yamelihifadhi bonge lile. Lilipopimwa, umri wake ulizidi miaka elfu kumi na nne. Shida ilianzia hapo. Wakubwa wa elimu ya mambo ya kale walishikilia kwamba wakati huo hakukuwa na mtu huku kusini. Walisema watu walivuka kutoka Asia, mahali ambapo nchi ilikuwa imeungana kwa sababu bahari ilikuwa chini, kisha wakasubiri barafu ipasue njia katikati ya bara la kaskazini. Njia hiyo ilifunguka kwa kuchelewa. Basi kama mwani wetu ulisema kweli, watu walikuwa wamepita kwingine. Profesa alishukiwa uzembe, wengine wakamwita mwongo. Wafadhili walisema hawatatoa kitu tena mpaka kamati ije ijionee. Na Bwana Klenner alikuwa na mpango wake wa kuchimba mtaro akaushe kinamasi, apande miti.

Kamati ilifika Januari 1989, watu watano. Mkubwa wao alikuwa mzee kutoka kaskazini, mrefu, mwenye heshima zake, na mkalimani kando yake. Alilitazama bonge kwa kioo cha kukuzia.

"Anasema mwani unaweza kuwa umeletwa na ndege," mkalimani alisema.

Profesa alifungua mdomo, lakini mama alikuwa amekwisha kuweka sufuria chini. "Mwulize ni ndege gani huyo anayefunga chakula chake kwenye jani."

Wachimbaji waliangua kicheko. Mzee yule alimwinamia mkalimani. "Anasema jani linaweza kuanguka juu yake."

"Likaanguka, likajikunja pande nne, likachomeka kikonyo chini? Basi mwambie avae viatu vya mvua. Twende pwani."

Nilikuwepo. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilitamani ardhi inimeze kwa aibu. Bwana Klenner mwenyewe aliendesha lori. Maji yalikuwa yamepwa, na mama akawaonyesha wageni ile miamba: mwani, kome, kaa, mayai ya ndege. "Mwambieni mzee," alisema, "mtu mwenye watoto hangoji barafu ifungue mlango. Anafuata pwani. Akiwa na chombo, anavuka hori la bahari. Akikosa chombo, anatembea. Chakula ni kilekile, kazi ni ileile, leo hapa, mwakani mbele kidogo. Wajukuu wake wanajikuta wamefika huku bila hata kujua kwamba walikuwa safarini."

Alichuma luche, akaigandamiza, akaifunga. Kinamasini aliiweka kando ya ile ya kale. Mzee yule alipiga magoti matopeni na suruali yake safi, akalinganisha mikunjo ya majani yote mawili kwa kioo chake. Hatimaye aliuliza nani alimfundisha kukunja vile.

"Mama yangu. Naye alifundishwa na mama yake. Zaidi ya hapo sijui, na sitasema nisichokijua."

Nadhani jibu hilo ndilo lililomgusa. Hakukubali siku ile. Aliagiza vipimo vipya katika maabara mbili tofauti, na Bwana Klenner akasema, "Mtaro unaweza kungoja." Majibu yalipokuja mwaka 1991, umri ulikuwa uleule. Ilipita miaka minane mingine ya mabishano kabla ya mzee yule kuandika barua, akikiri kwamba alikuwa amekosea. Mama aliisoma mwenyewe kwa sauti mezani, polepole, kisha akasema, "Maskini, imemgharimu. Mpelekeeni luche." Tulimpelekea.

Kinamasi hakikukaushwa. Tangu 2001 hadi miguu ilipomkatalia, kila Oktoba marehemu aliwapeleka watoto wa shule kukitazama, na kila mwaka aliwaambia kwamba waliopita pale hawakuwa mashujaa. Walikuwa watu wenye miguu baridi na watoto wanaolia, na waliendelea kwenda.

Maji ya baridi yalimla viungo. Mwaka 2016 figo zilianza kudhoofika. Alivumilia matibabu kule Puerto Montt, akigombana na wauguzi kuhusu chumvi na kuwafundisha kupika milcao, mikate yetu ya viazi. Mwezi uliopita aliomba arudishwe nyumbani. Alifariki asubuhi ya Alhamisi, tarehe 9 Agosti 2018, saa nne, akiwa na umri wa miaka sabini na saba, mdogo wangu Orfelina akimchana nywele.

Alitanguliwa na mumewe Remigio, mwaka 2009, na mwanawe Elías. Ameacha watoto watatu: mimi Nélida, Orfelina na Gastón, wajukuu saba, kitukuu mmoja, Ailín, aliyeanza kutembea wiki iliyopita, mdogo wake Heriberto, Profesa Urrejola, aliyemwita dada, na wanawake kumi na saba wa chama cha wachuma mwani. Kwao ameacha agizo, nami nalisoma kama alivyolisema: "Msinikalie matanga wakati wa bamvua. Mwani haungoji." Kwa hiyo kesho saa moja asubuhi, maji yakipwa, kabla ya misa, tutakuwa ufukweni sote na vikapu, na Ailín tutambeba.

Lala salama, mama yetu. Mungu akupe pwani yenye jua.