Mama na Hoja ya Malori

Ndugu waombolezaji, mimi Gibson, mtoto wa pili wa marehemu, nasimama kwa niaba ya familia kuwaeleza maisha ya mama yetu, Anastazia Mika, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1963 huko Isansa, wilayani Mbozi, katika familia ya wakulima wa kahawa.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Isansa, akahitimu mwaka 1978, akajifunza ushonaji, na mwaka 1984 akafunga ndoa na baba yetu, marehemu Wiliam Andongwisye wa Ileje, wakahamia Tunduma, wakajaliwa watoto watatu, Tabita, mimi na Rozi.

Mwaka 2015 alichaguliwa kuwa diwani, na tusifiche, mama hakuwa mwepesi wa kumwamini mtu, hasa diwani mwenzake, Mheshimiwa Gwamaka, ambaye kila mama alipochangia barazani alisimama kumpinga, na mama naye hakumwachia. Mwezi Agosti 2018 mama alitoa hoja kwamba malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, yaondolewe mbele ya shule, Mheshimiwa Gwamaka akasimama, akaiunga mkono, na mama, akihisi pana mtego, akaiondoa hoja yake mwenyewe, malori yakabaki palepale.

Novemba, mbele ya shule hiyo, lori lilirudi nyuma likamvunja mguu Anyitike, binti wa jirani yetu, na mama akaenda hadi nyumbani kwa Mheshimiwa Gwamaka kumuuliza siku ile alikuwa na nia gani.

"Dada, ulisema kweli," alimjibu, "ningepinga nini?"

Mama alirudi akituambia bado hajaridhika, lakini Februari 2019 aliirudisha hoja, Mheshimiwa Gwamaka akaiunga mkono tena, safari hii mama akatulia kitini, ikapita, na malori yakahamishwa.

Mwaka 2023 alianza kusumbuliwa na figo, akawa anatibiwa na kurudi nyumbani, na Mheshimiwa Gwamaka alikuwa akimletea uji wa ulezi, ambao mama alimtaka auonje kwanza yeye, naye akauonja kila mara bila kununa. Jumapili iliyopita mama alipokea kikombe akanywa moja kwa moja, wakatazamana. Alifariki dunia Jumatano asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, kanisa na waheshimiwa madiwani, na wewe Mheshimiwa Gwamaka, uliyekaa kule nyuma, tunakuomba uje ukae huku mbele na familia.

Mama, sasa pumzika kwa amani.