Nesi Sabina, Mzee Aliyeomba Kazi

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu zetu mliosafiri kutoka Nainokanoka, na nyote mliofika hapa Daa leo, Jumamosi tarehe 13 Septemba 2025, familia imempa mdogo wa mwisho wa marehemu, Patrisi huyu anayesema nanyi, kazi ya kusoma maisha ya Nesi Sabina Leonce Gwandu, naye anaomba radhi mapema, kwa kuwa dada yake hakuwa mtu wa kuuma maneno, na historia yake haitayauma.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 hapahapa Daa, mtoto wa pili wa Mzee Leonce na Mama Dorkasi, akaanza shule ya msingi mwaka 1967, akamaliza sekondari, akajiunga na mafunzo ya uuguzi na ukunga mwaka 1979, na tarehe 1 Julai 1982 akaajiriwa serikalini, kituo cha kwanza kikiwa Karatu. Tarehe 9 Novemba 1985 alifunga ndoa na marehemu Martini Bura, wakajaliwa watoto wawili, Evarista na Emmanueli.

Mwaka 1994 alihamishiwa zahanati moja huko juu, upande wa Nainokanoka, mahali ambapo wenzake walikuwa wakiripoti Jumatatu na kuomba uhamisho Ijumaa, yeye akakaa miaka ishirini na mitano. Alikuta wanawake wa Kimaasai hawakitaki kitanda cha kujifungulia, maana walizoea kupiga magoti huku wameshikwa mgongo na mkunga wa boma, basi hakubishana nao, alisukuma kitanda ukutani, akatandika turubai safi sakafuni, akamwita mkunga wao, bibi waliyemwita Koko Nanyokie, awe anawashika mgongo, yeye akakaa mbele kumpokea mtoto. Mkaguzi mmoja alimuuliza utaratibu huo umeandikwa wapi, akaambiwa asome daftari la watoto waliozaliwa hai.

Tarehe 14 Machi 2019 alitimiza miaka sitini, akastaafu kwa mujibu wa sheria, akaagwa kwa keki na mablanketi mawili, na nafasi yake haikujazwa. Alibaki tabibu Kisioki, kijana hodari, mzaliwa wa hukohuko, ambaye kwa mila wanawake wale ni mama zake, na mama hajifungui mbele ya mwanawe, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyeingia. Tarehe 20 Agosti 2019 Sinyati, mke wa Lekoko, alijifungulia bomani, akatokwa na damu nyingi, akafariki mita mia nne kutoka kwenye zahanati yenye dawa ya kuzuia damu. Inauma kulisema, na tunalisema.

Kisioki alikuja mwenyewe hadi Daa, akamkuta dada yetu akivuna mbaazi, akamweleza huku akilia, na wiki ileile dada alipanda basi kwenda ofisi za wilaya, Wasso, kuomba arudishwe kwa mkataba. Aliambiwa asubiri, akarudi, akaambiwa barua haionekani, akaandika nyingine. Safari ya tatu, mtumishi mmoja wa ofisi hiyo aliyemwonea huruma alimshauri aape kwamba alizaliwa mwaka 1964, kwamba shuleni walikosea kuandika, kama ilivyo kwa wengi wa rika lake, mambo yaishe, naye akamjibu kwa sauti iliyofika hadi kwenye benchi la nje, "Mwanangu, sikuja kuomba ujana, nimekuja kuomba kazi, na hao kina mama wanamtaka mzee."

Mkataba ulitoka tarehe 1 Februari 2021, ukaongezwa hadi tarehe 31 Januari 2025, na katika miaka hiyo minne alipokea watoto mia tatu na kumi na wanane, bila kumpoteza mama hata mmoja. Wapo waliosema wastaafu wanawazibia vijana nafasi, na familia inawajibu hapa mbele ya jeneza lake, kwamba nafasi ile ilikaa wazi miezi ishirini na miwili, watutajie kijana aliyezibiwa.

Mwezi Aprili mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya tumbo, akatibiwa Karatu, na tarehe 9 Septemba, saa nne asubuhi, akafariki dunia. Siku kumi na mbili kabla, akiwa kitandani, alimwandikisha binti yake Evarista barua moja, si ya kuomba dawa, bali ya kuomba nafasi yake, ambayo mpaka leo iko wazi, apewe Nesi Lukresia, aliyestaafu mwaka jana, ameketi pale mstari wa pili na amekubali. Alitia saini, akaagiza barua isitumwe kwa posta, ipelekwe kwa mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Daa waliotupikia siku zote hizi, Kisioki na watumishi wenzake, na Koko Nanyokie, aliyesafiri na fimbo yake hadi hapa.

Pumzika kwa amani, dada yetu. Jumatatu tunakwenda Wasso, Lukresia akiwa mbele, na tutakaa kwenye lile benchi mpaka tujibiwe.