Jethro Rai, Aliyekula Chajio na Wanawe

Marehemu Jethro Rai alizaliwa Kinango tarehe 4 Mei 1952, kitinda mimba wa marehemu mzee Rai na marehemu mama Jumwa. Wasifu huu ameuandika dada yake, Hannah, naye ndiye anayeusoma. Mwenye la kukatiza na angoje amalize.

Alisoma Kinango hadi darasa la saba, mwaka 1967. Tangu utotoni hakukubali neno mpaka alijaribu mwenyewe. Aliambiwa jembe ni la mkono wa kulia, akalima msimu mzima kwa wa kushoto. "Mahindi hayakujua tofauti," alisema.

Mwaka 1974 aliajiriwa kuosha vyombo katika hoteli moja Diani, akapanda hadi kuwa msimamizi wa jikoni. Cheo hicho ukoo ulijigamba nacho hata kwenye matanga ya watu. Yeye alikuwa akifika nyumbani wanawe wamelala.

Alimuoa Kadzo kanisani Tiwi, tarehe 12 Desemba 1981, wakajaliwa Griffin na Gillian. Mwaka 1996 aliomba kuwa mpishi wa asubuhi, kwa mwezi mmoja tu, aone kitakachoharibika. Mwezi ulipokwisha, Kadzo alimuuliza, "Umeona nini, baba Griffin?"

"Nimeona Gillian hapendi kisamvu, humtilia kaka yake sahanini. Ana miaka tisa, nami mpishi sikujua."

Cheo hakukitaka tena. Ndipo baba yake mdogo, mzee Nyawa, alipotangaza kwamba mwanamume arudiye kwake jua lingaliko amelishwa limbwata na mkewe. Akamletea mganga. Jethro alimpa shikamoo, akainywa dawa yote, na kesho yake akarudi nyumbani saa tisa, kama kawaida.

"Na hiyo nimeijaribu, baba," alimwambia mzee.

Kiharusi kilimpata Septemba mwaka huu. Daktari alieleza kuwa ni shinikizo la damu la miaka mingi. Mzee Nyawa alisimama pale pale wodini akasema ni limbwata. Jethro alifariki Msambweni tarehe 9 Oktoba 1998, Kadzo amemshika mkono. Jana mzee huyo huyo alimwamuru Kadzo afungashe vyake atoke. Mtu mzima hovyo.

Ameacha watoto wawili, dada mmoja, na mjane, Kadzo, mwenye nyumba hii ambayo uani mwake mmeketi. Watakaotoka leo ni wageni.

Apumzike kwa amani. Kupumzika alikujua angali hai, nanyi mkakuita uchawi.