Kumbukumbu Zimepanda Bei

Benchi la mbele ya kinyozi lina miguu mitatu na tofali moja, na mwenye shida hukaa upande wa tofali. Asubuhi ile alikaa Mpiga Picha, yule anayerekodi harusi za mtaa mzima, mfukoni kaficha bahasha ya pesa za kitanda. Mkewe amevumilia godoro la chini miaka miwili, na bwana huyu ametoka kuulizia laptop mpya, ile nyembamba kama sahani. Kahawa yake hakuigusa.

— Imepanda tena, akasema. Leo nikitia na pesa za kitanda ndipo zinatosha. Wiki ijayo sijui.

— Kisa? akauliza Kinyozi, kichwa cha mteja kakiacha nusu.

— Muuzaji anasema kumbukumbu zimeadimika. Zinagombaniwa dunia nzima.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana muuzaji alisema zile za ndani ya kompyuta, lakini neno lile kila mtu alilielewa kivyake.

— Nilijua, akasema Fundi Saa, mzee wa ndoa mbili na talaka mbili. Watu hawakumbuki kitu siku hizi. Nina saa kumi na moja za watu, hakuna aliyerudi kuchukua.

— Hawarudi kwa sababu hazitembei.

— Wewe nyoa.

— Nanyoa huku nasikia, akasema Kinyozi. Kuna mashine zinafundishwa kufikiri. Zinatafuna kumbukumbu kama mchwa. Zikimaliza za madukani, zinakuja za vichwani. Ndiyo maana vichwa ninavyonyoa siku hizi vyepesi.

Mteja akajipapasa utosi.

— Basi tuuze zetu, akasema Fundi Saa. Ninazo za mke wa kwanza, sijazitumia sana.

— Hizo nani atanunua? Zina kelele.

Mpiga Picha hakucheka. Alikwisha kuamua, aliinuka, mkono mfukoni, miguu ikielekea dukani. Mbele yake akasimama mkewe, laptop ya zamani kwapani. Habari za bahasha zilikuwa zimemfikia kabla kahawa haijapoa.

— Baba Pacha, hii ina ugonjwa gani?

— Imejaa, mama. Mna harusi tisini na moja humo. Haina pa kupumulia.

— Si ufute?

— Nitafutaje? Ni kumbukumbu za watu.

Mama Pacha akaiweka benchini taratibu, upande wa tofali.

— Mimi nauliza tu, mume wangu. Katika hizo tisini na moja, ngapi bado wameoana?

Kinyozi akauangalia wembe. Mteja wake akafumba macho kama aliyeingiwa na sabuni. Mpiga Picha akaanza kuhesabu kwa vidole, akafika kidole cha nne, akaacha. Bahasha ikamtoka mfukoni bila yeye kujua, ikaenda ilikotoka, kwa mkewe.

Fundi Saa akainua kikombe, akanywa kahawa iliyokwisha zamani.

— Harusi yangu ya kwanza futa, akasema mwishowe. Ya pili iache kwanza. Juzi alinisalimia.