Penseli ya Ethuro na Uso wa Both

Mwisho wa mwezi huu, baada ya miaka ishirini na minne katika ofisi yetu ya kutafuta waliopotezana, Stephen Ethuro anastaafu. Mhariri wa jarida aliniomba niandike kitu cha kuchangamsha. Nimejaribu.

Mzaliwa huyu wa Lorugum alianzia Lodwar, akichora mabango ya vinyozi ambayo vichwa vyake vyote vilikuwa na sura moja. Kisha akaletwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma kwa kazi ngumu zaidi: kukaa na watu waliokimbia vita bila hata picha moja, kuwasikiliza, na kuchora sura za jamaa zao waliopotea. Michoro ilibandikwa kambini na kupelekwa kambi nyingine.

Tupende tusipende, alitufundisha historia ya penseli. Wachungaji wa Uingereza, alisema, ndio waliotumia kwanza yale madini meusi, wakiwatia kondoo wao alama. Kwa hiyo penseli ni mali ya wafugaji. Wachoraji waliazima tu. Siku aliposoma kwamba mabingwa wa zamani walifuta penseli kwa mkate, alijaribu kwa chapati. Mafuta yakaenea kidevu kizima cha mtu aliyekuwa akitafutwa. Dada wa mtu huyo akasema aache hivyo hivyo, kaka yake alikuwa anang'aa.

Wapo waliopatikana. Yar alitambuliwa mchoroni na shangazi yake kwa umbo la sikio tu, na siku hiyo ofisi nzima ilikunywa soda. Lakini walio wengi hawakupatikana, na Ethuro aliendelea kuchora.

Miongoni mwao ni Both, mwana wa Mama Nyawal. Alipotea njiani kutoka Sudan Kusini akiwa na miaka sita. Mtoto hukua, kwa hiyo kila mwaka Nyawal alirudi ofisini na Ethuro akamkuza Both kwa penseli: meno yakaota, taya likapanuka, ndevu zikaanza. Ulipofika umri wa kuchanjwa paji la uso kama wavulana wa kwao, walibishana asubuhi nzima. Nyawal akakataa alama, kwa kuwa hakujua ni nani angesimama mahali pa baba wa mtoto kwenye sherehe yenyewe. Paji likabaki tupu.

Wiki iliyopita Nyawal alikuja kwa mara ya mwisho. Ethuro alikuwa ameshatayarisha karatasi ya kijana wa miaka kumi na minane. Mama huyu akaisukuma kando.

"Huyu mkubwa mimi sijui yeye," alisema. "Nipe ule mdogo. Ule nilizaa."

Mchoro wa kwanza ulikwenda na mafuriko yaliyobomoa nyumba yake, na nakala yetu ililiwa na mchwa. Ethuro akamwambia si neno, wataanza upya, amweleze tu mtoto alivyokuwa. Pua yake ilikuwaje? Nyawal akafikiri. Akafumba macho, akafumbua. Mwishowe akanyoosha kidole kwenye mchoro wa mwaka jana uliokuwa ukutani, akasema ilikuwa kama ile. Macho je? Kama yale. Tukaelewa sote kwamba sura ya mwanawe imeshamtoka, na iliyobaki kichwani ni ya penseli yetu. Ethuro alichonga penseli iliyokuwa kali tayari. Hakuchora kitu.

Nafasi yake haitajazwa. Tumeambiwa kompyuta ya Nairobi inaweza kumzeesha mtu yeyote, mradi ipewe picha yake. Tumewauliza picha hiyo itatoka wapi. Hatujajibiwa, na sidhani tutajibiwa.

Kaka Ethuro, ejok, kama msemavyo kwenu: ni vyema. Asante kwa miaka yote uliyowasikiliza watu ambao wengine tulichoka kuwasikiliza. Ulituuliza siku ile kama ulimsaidia mama yule au ulimnyang'anya mtoto mara ya pili. Nenda nyumbani. Tunakuombea uzeeke kati ya watu ambao huna haja ya kuuliza pua zao zilikuwaje.