Chupa Iliyokutwa Sandukuni kwa Mzee Iddy

Sogeeni ndugu zetu, mlioko uani ingieni turubaini, akina mama wa jikoni tueni miko kidogo, watoto wanyamazishwe, maana Bibi Hamisa yumo chumbani kwenye eda anasikiliza, asije akasema tumeruka neno katika arobaini hii ya mumewe.

Marehemu Mzee Iddy Mdoe alizaliwa hapa Kwaluguru tarehe 12 Machi 1953, akasoma Kurani chuoni, kisha shule ya msingi mpaka darasa la nne, akaacha mwaka 1966 kwa kuwa, kama alivyosema mwenyewe, ng'ombe walimwelewa kuliko hesabu.

Mwaka 1971 alikwenda Segera kwa mjomba wake kujifunza kuchinja, akafungua bucha yake mwaka 1979, na kwa kuwa kwa desturi yetu nundu ni ya aliyechinja, kwa zaidi ya miaka arobaini hakuna nundu iliyompita, akiikaanga kwa mafuta yake yenyewe na kumwambia mkewe, "Mama Ukasha, mtu bila mafuta ni koroboi tupu."

Tarehe 7 Agosti 1977 alimwoa huyo Hamisa, binti Semboja wa Korogwe, wakajaliwa watoto watatu, Ukasha, Hafsa na Munira.

Maradhi yalianza Oktoba 2022, alipopanda Dindira ukweni kwa Munira, akaketi njiani mara tatu akishika kifua, na rafiki yake wa mnada wa ng'ombe, Mzee Koisaba, aliposikia, akaleta chupa ya mafuta ya mkia wa kondoo, dawa ya kifua kwao wafugaji na kwetu pia, akasema, "Kunywa, mzee, nguvu zirudi," naye Hamisa kwa mkono wake akayatia kijiko kwenye chai kila asubuhi, miezi mitano, akijua anamponya.

Machi 2023 alipelekwa hospitali, daktari akawaonyesha picha ya mishipa ya moyo, akasema lehemu, yaani mafuta ya kwenye damu, imejipenyeza kwenye kuta zake ikaganda miaka na miaka, hata njia ya damu imebaki nyembamba kama uzi, na Hamisa, ambaye hakusoma, alielewa kuliko wote, maana ameosha sufuria za mchuzi uliolala tangu usichana wake. Nundu ikakoma, mboga ikapikwa bila mafuta, marehemu akawa anatania, "Mchicha huu umeuunga kwa machozi?"

Desemba 2024 Mzee Koisaba, asiyejua maneno ya daktari, alileta chupa nyingine, marehemu akaipokea kwa mikono miwili, kwani zawadi ya rafiki hairudishwi mlangoni, akaifungia kwenye sanduku la visu, ufunguo kiunoni, na Hamisa alipomwona akilifungua sanduku kila asubuhi akaamini anakunywa kwa siri, akamwambia, "Haya, kunywa ufe, mimi nimechoka," akamnyima maneno wiki tatu, chai anaiweka na kuondoka.

Alhamisi tarehe 9 Januari 2025, saa mbili asubuhi, akivaa viatu kizingitini, marehemu aliita mara moja tu, "Mama Ukasha!", naye kwa kununa akachelewa kuitika, na alipotoka moyo ulikwisha simama.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochimba kaburi, wachinjaji wenzake wa Segera, na wewe Mzee Koisaba, uliyekaa matanga yote hukugusa chakula, inua uso, hukumuua mtu, ulimpenda kwa ujinga uleule tuliompenda nao sisi.

Sanduku limefunguliwa mbele ya shehe na mirathi imegawiwa: Ukasha amerithi bucha na visu, vilivyokutwa vinang'aa kwa kufutwa kila asubuhi, Hafsa na Munira shamba la mihogo la bondeni, Mzee Koisaba amepewa fimbo, na Bibi Hamisa, juu ya fungu lake la sheria, ameomba chupa ile, mafuta yameganda meupe mpaka shingoni, kitambaa cha mdomoni hakijafunguliwa, na ametutuma tuseme kwa sauti, mbele yenu nyote: abee, Baba Ukasha, abee, nimekuja, pumzika salama.